Inzi wa matunda kutoka Selangor: nawatofautishaje hawa wanaofanana?

MwanafunziWadudu

Habari zenu, ndugu zangu. Ninasomea kilimo nchini Malaysia, na kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya inzi katika bustani za matunda za jimbo la Selangor. Wengi niliwanasa kwa mtego wenye chambo cha methili yujenoli, kemikali inayovuta inzi madume. Wengine niliwalea kutoka katika karambola zilizoanguka, yaani lile tunda lenye kingo tano ambalo ni ndugu wa birimbi za kwetu Pwani.

Kundi la kwanza lina kifua cheusi chenye mistari miwili ya njano pembeni, na ukingo wa mbele wa bawa una utepe mwembamba wa kahawia. Kundi la pili linafanana na la kwanza kiasi kwamba nimewachanganya mara mbili mezani, ila utepe wa bawa unaonekana kupanuka kwenye ncha. Wa tatu ni mmoja tu, naye mbawa zake zimekatizwa na mikanda mitatu ya kahawia yenye wekundu. Wale wa karambola niliwatia kwenye spiriti saa chache baada ya kutoka katika pupa (ganda ambamo buu hugeuka kuwa inzi), na sasa rangi zao ni hafifu mno. Naomba msaada wa kuwatambua.

Mkaguzi wa Mimea

Huyo wa mikanda mitatu asikusumbue: kwa maelezo hayo, na kwa kuwa aliingia katika mtego wa methili yujenoli, ni *Bactrocera umbrosa*, ambaye hupenda mafenesi. Angalia kama kuna mfenesi karibu na mtego.

Kazi iko kwa hao wawili. Nadhani wa kwanza ni *Bactrocera dorsalis* na wa pili ni *Bactrocera carambolae*, ambao wote wanaishi huko na wote hufuata chambo hichohicho. Weka bawa chini ya hadubini ufuate mshipa unaoitwa R2+3. Kwa *dorsalis* utepe wa ukingoni kwa kawaida huishia kwenye mshipa huo bila kuuvuka, ilhali kwa *carambolae* huuvuka kidogo, kisha hupanuka kwenye ncha ya bawa kwa umbo la ndoana. Halafu tazama pembe za mbele za pingili ya nne ya fumbatio, yaani tumbo: *carambolae* ana mabaka meusi ya mstatili, na kwa *dorsalis* alama hizo ni nyembamba zaidi. Mwisho, majike ya *carambolae* mara nyingi huwa na doa jeusi upande wa nje wa paja la mguu wa mbele. Doa hilo ulitafute kwa wale uliowalea, kwa sababu chambo hicho huvuta madume.

Kuhusu rangi hafifu, tatizo ni kuwaua mapema. Inzi anapotoka katika pupa, rangi yake bado haijakomaa, hivyo mlishe sukari na maji kwa siku kadhaa kabla ya kumhifadhi. Hao wa sasa usiwatumie kuamua chochote kinachotegemea rangi.

Hadubini

Nakubaliana na mwenzangu, lakini naomba nitie tahadhari, kwa sababu kundi hili limewahi kuwachanganya hata wataalamu. Wasomaji wa Kenya na Tanzania watakumbuka inzi wa maembe aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, akapewa jina la *Bactrocera invadens* mwaka 2005 kama spishi mpya yenye asili ya Asia. Rangi ya kifua chake ilitofautiana sana, kuanzia kahawia iliyopauka hadi nyeusi, na tofauti za namna hiyo zilitumika kumtenga na *dorsalis*. Baada ya utafiti wa maumbile, jeni, kemia ya harufu za kuvutana wenza na uzaanaji, mwaka 2015 jina hilo liliunganishwa na *dorsalis*, pamoja na lile la *papayae* ambalo utalikuta katika vitabu vya zamani vya huko Malaysia. *Carambolae* alibaki peke yake kama spishi kamili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiegemee alama moja. Ukimpata mwenye utepe wa katikati, usiovuka sawasawa wala kuishia sawasawa, mwandike kuwa ni wa kundi la *dorsalis*, yaani mmojawapo wa spishi hizi zinazofanana, na uishie hapo. Usitarajie pia kwamba kipande cha jeni la COI, ambacho maabara nyingi hukitumia, kitakuamulia, kwani hakiwatenganishi hawa wawili kwa uhakika. Omba kipimo cha ITS1, ambayo ni sehemu nyingine ya DNA.

MwanafunziWadudu

Nawashukuru sana, walimu wangu. Mfenesi upo kweli, hatua chache kutoka kwenye mtego. Nimerudia mabawa yote leo: ndoana inaonekana wazi kwa kundi la pili, na kati ya majike niliowalea wapo wenye doa pajani, ingawa limefifia. Wanne wa mtegoni wamenishinda kabisa.

Mkaguzi wa Mimea

Hao wanne watenge katika kichupa chao, miguu yao ikiwa mizima, ndani ya ethanoli safi ili jeni zisiharibike. Kila kichupa kiwe na karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli, kwa maana wino wa kawaida huyeyuka: mahali, tarehe, aina ya chambo au tunda, na kama alinaswa au alilelewa. Matunda yenye mabuu usiyasafirishe kuja nyumbani, hata kwa ajili ya masomo.

Karambola za safari ijayo zilaze juu ya mchanga mkavu ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa, kila mti na ndoo yake.