MJADALA: "Maasi ya Waarabu" ya 1888, jina la haki au jina la kuombea fedha?

Mlinzi wa Gofu:
Wadau, somo letu la historia tulipe jina gani? Vita vya pwani vya 1888 hadi 1890 sisi twaviita vya Abushiri, kiongozi wa wapiganaji wa Pangani. Wajerumani waliviita Araberaufstand, maasi ya Waarabu, na neno hilo bado limo vitabuni mwao. Nasema jina hilo halikutoka kwa waliopigana. Lilitoka kwenye haja ya fedha. Fuateni tarehe.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja anaikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ukanda wa Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, kwa miaka 50, forodha na utawala pamoja. Agosti Kampuni inaingia kazini. Pangani, wakala wake Emil von Zelewski anataka bendera ya Kampuni ipande, liwali anakataa, manowari inashusha askari. Wanaingia msikitini na viatu vyao na mbwa, siku za Idi Kubwa. Septemba pwani imeshawaka, na Kampuni imebaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Sasa angalieni Berlin. Kampuni ni ya watu binafsi, na Bismarck, kansela wa Ujerumani, hawezi kulitaka bunge liokoe biashara ya watu. Chama cha Wakatoliki, Zentrum, hakina hamu na makoloni. Lakini mwaka huohuo Kardinali Lavigerie anazunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa wa Afrika. Oktoba unafanyika mkutano mkubwa Köln. Desemba Windthorst, kiongozi wa Zentrum, analeta hoja ya utumwa bungeni. Mwisho wa Januari 1889 bunge linatoa mark milioni 2, za kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani, yote mawili katika sheria moja. Ndani ya miezi mitano ugomvi wa forodha, ardhi na bendera umegeuzwa vita vya Wakristo dhidi ya Mwarabu muuza watu.

Bi Mkubwa wa Kilwa:
Ndugu Mlinzi, tarehe zako sigombani nazo. Ninachokataa ni mahali ambapo maneno haya huwapeleka wasomaji: kwamba kwa kuwa Mdachi, yaani Mjerumani, alikuwa na lake, basi utumwa nao ni uzushi wa Wazungu. Soko la Unguja lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash, na halikufungwa kwa kukosa wateja. Bahari ilipobanwa, misafara ikashika njia ya nchi kavu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini, watu wakavushwa kwa magendo hadi mashamba ya karafuu ya Pemba. Abushiri bin Salim mwenyewe alikuwa na shamba la miwa Pangani. Miwa ile ililimwa na watumwa. Nawaomba tusiwafute watu wale kwa sababu tu tumemchoka Bismarck.

Saadani Juu:
Bi Mkubwa, sahihi, wala hakuna aliyewafuta. Swali ni nani walipigana. Saadani aliongoza Bwana Heri bin Juma, na nguvu yake ilikuwa Uzigua. Kusini, Kilwa na Lindi, walishuka Wayao. Miji ya Mrima ilikuwa na majumbe wake wa Kishirazi ambao Kampuni iliwadharau sawa na ilivyowadharau Waarabu. Hao wote wakatiwa kapu moja, "Waarabu".

Upande wa pili, Wissmann, kamanda aliyetumwa na Berlin, alikuja na askari 600 hivi wa Kisudani waliokusanywa Cairo, pamoja na Washangaan kutoka Msumbiji. Wasudani wale walikuwa Waislamu, na wengi wao walisema Kiarabu. Kwa hiyo bunge lilitoa fedha za kupigana na Waarabu, na sehemu ya fedha hizo ikalipa mishahara ya watu waliosali kama wale waliopigwa.

Tena watu wa pwani walikuwa na jina lao. Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliyetunga utenzi wa vita hivi aliuita wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Jina hilo linataja aliyekuja kutawala na mahali alipotaka kutawala.

Msomapicha:
Mnasahau michoro, na michoro ndiyo iliyofika mbali kuliko hotuba. Mwarabu wa magazeti ya misheni ni yuleyule kila mara: kanzu, kilemba, jambia kiunoni, bunduki au fimbo mkononi, nyuma yake mlolongo wa watu kwenye makongwa, yaani magogo ya kufungia shingo. Wachongaji wengi walikaa Ulaya na kufanyia kazi maelezo ya wasafiri. Kwa hiyo kabla ya kuutumia mchoro, uliza mambo matatu: tukio lilitokea wapi, nani anashika bunduki, na mateka wanapelekwa kwa nani.

Mfano. Katika kitabu cha safari ya Zambezi cha Livingstone, kilichotoka 1865, mmo mchoro wa mateka waliokutwa kijijini kwa Mbame mwaka 1861. Maelezo yake hayafichi kitu. Kila mwanamume shingo yake ilikuwa ndani ya panda ya gogo la futi sita au saba, na chuma kimepita mbele ya koo, kimegongelewa ncha zote mbili kisichomoke. Wanawake na watoto walifunguliwa upesi kwa kukata kamba. Wanaume ilibidi wakerezwe mmoja mmoja, kwa msumeno uliopatikana kwenye mizigo ya askofu aliyefuatana na Livingstone. Mateka hao walikuwa 84.

Lakini walikuwa wakipelekwa Tete, na Tete ilikuwa ya Wareno. Walioshika bunduki ni Waafrika waliotumwa na watu wa Tete. Anayeuweka mchoro huo chini ya kichwa "biashara ya Waarabu" amewaongezea Waarabu dhambi na kuwapunguzia Wareno yao.

Sisemi michoro yote iko hivyo. Ipo ya Ruvuma, ya 1866, ambayo wenye misafara ni watu wa pwani hasa. Hiyo iachwe na maelezo yake.

Mlinzi wa Gofu:
Asante Msomapicha. Naongeza mawili.

La kwanza, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Kwa wasomaji wa Ulaya ndiye aliyekuwa sura ya Mwarabu wa utumwa. Hata hivyo Februari 1887, hapa Unguja, Stanley alimwandikisha kuwa wali wa Stanley Falls, Kongo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Miaka mitano baadaye dola hiyohiyo ya Leopold huko Kongo ikaanza vita vya "kuwaondoa Waarabu" Kongo, na wengi waliohesabiwa Waarabu ni Waungwana, yaani Waafrika walioshika desturi za pwani, na Wamanyema wa mashariki ya Kongo, waliovaa kanzu.

La pili ni sheria. Baada ya kumnyonga Abushiri Pangani, 15 Desemba 1889, Wadachi walitawala karibu miaka thelathini, na hawakufuta utumwa. Amri ya 1904 ilisema tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Waliofuta kabisa Tanganyika ni Waingereza, 1922. Unguja ulifutwa 1897. Kama vita vilikuwa vya kukomesha utumwa, miaka hiyo yote walingoja nini?

Bi Mkubwa wa Kilwa:
Hapo umenishika, na nakubali jina liondoke. Lakini likiondoka, shamba la miwa libaki. Mwanafunzi aambiwe kwamba Abushiri alipigania mji wake na alikuwa na watumwa, katika sentensi moja, bila "lakini" ya kumsamehe wala ya kumhukumu.

Saadani Juu:
Basi kichwa cha somo kiwe "Vita vya Wadachi kuiteka Mrima, 1888–1890", na chini yake orodha ya waliopigana kwa mji: Pangani, Saadani, Bagamoyo, Kilwa, Lindi. Neno "Waarabu" litumike pale tu mtu anapotajwa kwa jina na kabila lake. Abushiri aandikwe al-Harthi.