Tovuti yako binafsi ilianzaje, na imepitia mabadiliko gani?

Mwanafunzi wa Nyegezi

Shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa wenzangu. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikipiga picha za ndege wa ufukweni, hasa furukombe, mnandi na mdiria ninaowaona hapa Mwanza, Capri Point na katika kisiwa cha Saanane, na kwa kila picha nimeandika siku, saa na mahali. Picha hizo ziko kwenye simu na katika makundi ya WhatsApp, ambako baada ya siku mbili hakuna anayezikumbuka wala anayeweza kuzipata tena. Nataka kuzijengea tovuti yangu mwenyewe. Maelekezo ya ufundi ninayapata kwingi. Ninachokosa ni historia kutoka kwa mtu aliyepita njia hii. Ulianza na nini, ni jambo gani lilikulazimisha kubadilika, na ni kitu gani umekiacha kama kilivyokuwa tangu mwanzo?

Mzee wa Kirumba

Marahaba, mwanangu. Tovuti yangu ni ya meli za ziwa letu, Ziwa Victoria. Ilianza mwaka 2003 katika intaneti kafe moja karibu na Barabara ya Kenyatta. Tulilipia kwa nusu saa, kwa hiyo kila kitu nilikiandika kwanza nyumbani kwa kalamu, nikakisoma mara mbili, ndipo nikaenda kukichapa na kukihifadhi katika disketi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yangu, salamu, kihesabu wageni, kitabu cha wageni, na aya moja tu kuhusu MV Victoria. Wakati ule niliamini kwamba tovuti ya mtu ni mahali pa kujitambulisha.

Kilichonibadilisha ni ujumbe mmoja katika kitabu cha wageni. Mtu wa Bukoba, ambaye baba yake alifanya kazi chumba cha injini, alieleza kwa upole kwamba nilikosea nilipoandika kuwa MV Victoria iliundwa Kisumu tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu zake zilitengenezwa Scotland, zikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, na meli ikaanza kazi mwaka 1961. Nilisahihisha siku iyo hiyo, nikaweka chini ya ukurasa tarehe ya marekebisho na maneno ya kumshukuru. Tangu hapo sijaandika ukurasa wowote bila tarehe hiyo. Picha yangu niliihamishia ukurasa wa mwisho, na baadaye nikaiondoa kabisa, kwa sababu wasomaji walikuwa wanakuja kwa ajili ya meli.

Ukurasa ulionichukua muda mrefu kuliko yote ni wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ilipokuwa inakaribia Mwanza. Hauna picha hata moja, na sikuruhusu maoni chini yake. Kila mwezi Mei watu huufungua, na wapo walioniandikia jina la ndugu yao tu, bila neno jingine. Kwa ajili ya watu hao nimeona kwamba siwezi kuiacha tovuti ife kwa uvivu wangu.

Mahali pa kwanza mtandaoni tulipopewa nafasi ya bure ya kuweka tovuti palifungwa. Nilipoteza kitabu chote cha wageni, maana maneno ya wageni sikuwa nimeyanakili popote, na hilo linaniuma mpaka leo. Kurasa zenyewe zilipona kwa sababu ya daftari na disketi. Baadaye nikahamia programu yenye hifadhidata na mapambo mengi. Nikaacha kuisasisha kwa karibu mwaka mzima, na watu nisiowajua wakapenya wakabandika matangazo yao katikati ya historia ya meli. Nilichukua wiki kadhaa kusafisha. Nilipomaliza niliamua kurudi kwenye mafaili ya kawaida ya HTML, yaani lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, yale yale niliyojifunza mwanzoni, na sijajuta. Kurasa zinafunguka haraka hata kwa msomaji aliyebakiza MB chache za bando, ambaye ndiye msomaji wangu wa kweli. Picha nazipunguza mpaka zishuke chini ya KB 150.

Nilichokiacha kama kilivyokuwa ni lugha. Wako walionishauri niandike Kiingereza ili nipate wasomaji wengi. Mabaharia walionipa habari walizungumza nami Kiswahili, nami nataka waweze kuzisoma habari zao wenyewe.

Fundi wa Igoma

Nakubaliana na mzee, na ninaongeza mambo ambayo yamewasumbua wengi niliowasaidia.

La kwanza ni alama ya ng'. Ukiandika maandishi yako katika programu ya ofisi, kisha ukayanakili kwenye ukurasa ambao haujatamka kwamba unatumia UTF-8, yaani utaratibu wa kuhifadhi herufi na alama katika kompyuta, neno kama "ng'ambo" hutokea likiwa na vialama vya ajabu katikati. Tamka UTF-8 katika mistari ya juu kabisa ya kila faili. Tena chagua aina moja tu ya alama hiyo ya juu inayofuata ng, iwe iliyonyooka au iliyopinda, na uitumie kila mahali. La sivyo, mtu atatafuta neno katika tovuti yako na kulikosa ilhali lipo.

La pili ni anwani. Lipia mapema jina la tovuti yako mwenyewe, liwe la .tz au jingine, kwa sababu jina unaweza kuhama nalo kutoka seva hadi seva. Yaliyompata mzee yamewapata wengi duniani: GeoCities, huduma iliyowapa watu kurasa za bure, ilianza mwaka 1994, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 1999, na kurasa zake zikafungwa Oktoba 2009. Watu wa Internet Archive, maktaba inayohifadhi nakala za tovuti, na wenzao walinakili nyingi kabla hazijazimwa, lakini viungo vyote vilivyoelekea kwenye anwani za zamani vilikufa. Huu mtandao wa tovuti wenyewe tuliupata bila malipo, kwani CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, iliuachia umma teknolojia yake tarehe 30 Aprili 1993. Kodi ya jina na ya seva ndiyo inayobaki juu yetu, nayo inasahaulika kwa urahisi. Weka kumbukumbu ya tarehe ya kulipia.

Mwalimu wa Ukerewe

Ninaheshimu njia ya wazee, lakini si kila mmoja ana muda wa kujifunza HTML. Mimi ninaandika kuhusu mapishi na kilimo cha kisiwani kwetu katika blogu ya bure tangu mwaka 2011, na imenitosha. Nafanya jambo moja bila kukosa: kila mwisho wa mwezi napakua nakala ya maandishi yote na kuiweka katika flashi mbili, moja nyumbani na moja shuleni. Mwenye ari aanze anapoweza, mradi nakala anayo.

Mwanafunzi wa Nyegezi

Nawashukuru sana. Nimeanza kuandika orodha ya ndege wangu katika daftari, kama mzee alivyofanya. Naomba kuuliza jambo moja zaidi: nipange kurasa kwa jina la ndege, au kwa mahali nilipomwona? Na nifanye nini na ukurasa wa mahali ambapo pamebadilika?

Mzee wa Kirumba

Panga kwa jina la ndege, kisha ndani yake utaje mahali. Mimi nilipanga kwa bandari, na kila meli ilipobadilishiwa safari nililazimika kuhamisha kurasa na kuvunja viungo.

Kuhusu mahali palipobadilika, nilikuwa na ukurasa wa ratiba ya pantoni zilizovusha watu kati ya Kigongo na Busisi, ambao ulisomwa kuliko kurasa zote na niliusahihisha karibu kila mwezi. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025, ratiba haikuwa na kazi tena. Sikuufuta. Niliandika juu yake kwamba sasa watu wanavuka kwa daraja, nikaacha ratiba ya mwisho kama ilivyokuwa, na anwani ni ile ile. Wiki iliyofuata dereva mmoja wa lori aliniandikia saa alizokuwa akisubiri pale usiku, na nani alimuuzia chai. Nimeyaweka chini ya ratiba, pamoja na tarehe.