Asasi ya hisani imepunguziwa fungu katika amana ya familia California: isubiri au ijitokeze?

Rehema_K
Wakuu, amana ya familia (mali iliyokabidhiwa mdhamini aisimamie na kuigawa kwa walioandikwa) iliyoanzishwa California iliiachia asasi ya hisani asilimia 40 ya mabaki, yaani kinachobaki baada ya madeni na mafungu mengine. Marekebisho yaliyosainiwa muda mfupi kabla ya mwanzilishi kufariki yameishusha hadi 5, tofauti yote imekwenda kwa mtoto mmoja wa mwanzilishi. Asasi imepata taarifa ya mdhamini kuhusu amana hiyo, kisha barua ya kuitwa kwenye usuluhishi. Isubiri mahakama?

Mwamvita
Isisubiri, dada Rehema. Kifungu cha 16061.7 cha sheria ya mirathi ya California kinamtaka mdhamini atume taarifa hiyo ndani ya siku 60 tangu kifo. Cha 16061.8 kinampa aliyetumiwa siku 120 za kupinga. Wengi hujikwaa hapa: siku huanza kuhesabiwa bahasha inapotumwa, si inapofunguliwa ofisini. Itunzeni bahasha. Leo hii ombeni kwa maandishi nakala kamili ya amana na marekebisho yake, ni haki yenu. Ikiletwa kabla siku 120 hazijaisha, mna siku 60 tangu ilipoletwa, kama hizo zinaisha baadaye kuliko zile 120.

Juma_wa_Pwani
Barua ya usuluhishi isilale mezani kabisa! Someni kesi ya Breslin dhidi ya Breslin, Mahakama ya Rufani ya California, 2021. Mali ilikuwa dola milioni 3 hadi 4, na orodha ya asasi 24 ilikutwa imechomekwa kwenye faili la marehemu bila kuambatishwa kwenye amana. Asasi zilizoitwa zisiende zilitoka mikono mitupu. Waliohudhuria waligawana, mahakama ikabariki. Inauma, maana majina ya asasi zilizokosa nayo yalikuwamo kwenye orodha ya marehemu. Tafuteni pia wakili mwenye leseni ya California, kwani asasi iliyosajiliwa haiwezi kujisimamia yenyewe mahakamani kule.

Rehema_K
Ahsanteni. Mtoto anadai asasi haina hata haki ya kuhoji marekebisho.

Mwamvita
Si kweli. Katika Barefoot dhidi ya Jennings, 2020, Mahakama ya Juu ya California ilisema hata aliyeondolewa kabisa anaweza kufungua shauri akidai marekebisho ni batili, mathalani mwanzilishi hakuwa na akili timamu au alishinikizwa. Ila kagueni kama amana ina sharti la kumnyima fungu anayeipinga. Kifungu cha 21311 cha sheria hiyo ya mirathi huliruhusu sharti hilo pale pingamizi linapofunguliwa bila sababu za msingi, na hapo hata hiyo asilimia 5 inaweza kupotea. Kwa hiyo kusanyeni kwanza kumbukumbu za hospitali za siku zile na faili la wakili aliyeandika marekebisho, halafu mfungue kabla muda haujakatika.