Ushauri wa haraka: Marekani ilikuwa na haki kuipiga Hiroshima? Mwisho ni asubuhi

Kijana_wa_Juja:
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Nimekwama. Nina insha ya maneno 2,000: je, Marekani ilikuwa na haki kuipiga Hiroshima kwa bomu la atomiki, 6 Agosti 1945? Lazima kuchagua upande. Nikishika huu, ule unanivuta. Mwisho wa kuwasilisha ni saa moja kasoro dakika moja asubuhi. Ninyi mngeshika upande gani? Msinitukane, sijalala tangu juzi.

Mwl_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Wanafunzi wangu wote walikosea hapo hapo: wanaanzia Agosti. Anzia Machi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliichoma Tokyo kwa mabomu ya moto, wakafa watu wapatao 100,000. Aliyekwisha kuzoea hilo, bomu la atomiki kwake ni jembe jipya kwa shamba lile lile. Kisha kisiwa cha Okinawa, Aprili mpaka Juni: Wamarekani zaidi ya 12,000 walikufa, na Japani yenyewe ilikuwa bado. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa mezani kwa Rais Truman.

Upande wa pili: Wasovieti waliitangazia Japani vita 8 Agosti, na wapo wanahistoria wanaoamini hilo ndilo lililoivunja nguvu kuliko bomu. Hiroshima naweza kubishana nayo mpaka kesho. Nagasaki, siku tatu baadaye, sijawahi kupata la kusema. Wala haikuwa lengo la kwanza siku ile. Ndege ilikwenda Kokura, rubani hakuuona mji vizuri, akageuza.

Bwana_Bando:
Andika hivi: tarehe 26 Julai walimpigia Mjapani kutoka Potsdam asalimu amri, akakata simu. Maneno yaliyobaki jazia maji.

Mama_Tatu:
Naomba kuuliza. Chuo gani hicho kinachofunga kupokea kazi saa moja kasoro dakika moja asubuhi? Wa kwangu yuko chuo, wao mwisho ni saa sita usiku.

Kijana_wa_Juja:
Mama, saa ni saa tu. Turudi kwenye mada.

Mama_Tatu:
Sijajibiwa.

Mutu_wa_Likasi:
Miye ni mutu wa Likasi, Kongo. Munabishana Truman na Mujapani, nani anakumbuka mugodi ya Shinkolobwe? Urani mingi ya lile bomu ilitoka kwetu Katanga. Sengier, mukubwa wa kampuni ya migodi Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka tani 1,200 hivi New York tangu 1940, mbele Wamarekani hawajaanza kuitafuta. Batu benye kuichimba, kuko mutu aliwauliza kama ni haki?

Nanga:
Nimepiga hesabu. Saa moja kasoro dakika moja Nairobi ni saa sita usiku kasoro dakika moja New York. Huyu anamwandikia Mzungu.

Kijana_wa_Juja:
Sawa. Ni kazi. Akaunti ni ya binamu, naandika mimi, tunagawana. Dola 30, mteja yuko Ohio. Nina kodi ya chumba ya miezi miwili. Msianze mahubiri.

Ustadh_wa_Zamu:
Tunaanza. Wewe unauza udanganyifu kwa dola 30, halafu unataka kumhukumu Truman? Huyo mtoto kesho atakuwa daktari, atakupasua tumbo na hajui wengu iko wapi.

Bwana_Bando:
Wengu haimo kwenye historia, ustadh.

Mama_Tatu:
Mtu hakosi usingizi siku mbili kwa insha ya dola 30. Kuna kingine. Sema.

Kijana_wa_Juja:
Haya. Profesa anataka kila mmoja aweke kisa cha mtu wa familia yake aliyeguswa na vita ile. Mteja kasema tunga chochote. Nikatunga, nikaona ni uongo mtupu. Nikamweka babu yangu.

Babu alikuwa askari wa mizinga ndani ya meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo. Tarehe 12 nyambizi ya Japani iliipiga, ikazama kwa dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Waliobaki walikuwa wanaelea, na nyambizi ikajificha chini yao. Babu alisema waliona meli ya kivita ya Waingereza inakuja wakashangilia. Ikawaendea na kuangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji. Nahodha alishapima: hawa walio majini, au meli nyingine za msafara zilizojaa askari.

Hapo insha ikajiandika yenyewe. Nimemfanya babu Mmarekani wa Ohio, meli nimeiacha bila jina. Sasa kidole hakitaki kubonyeza kutuma. Lakini tuseme kweli, babu ameshafariki, anadhurika nini? Na insha ni nzuri.

Mwl_Mstaafu:
Baba yangu mdogo alikuwa keya, askari wa Kiafrika wa Mwingereza, akapelekwa vitani Bama (Burma). Alirudi na blanketi moja la kijivu, na mkewe hakuruhusiwa kulifua. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Nanga:
Subirini. Mwezi wa tano, kwenye uzi wa ufuko wa Diani, huyu huyu aliandika kwamba babu yake amekufa bila kuiona bahari. Nimeurudia sasa hivi, upo.

Bwana_Bando:
Chai. Tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Ustadh_wa_Zamu:
Anatafuta wa kumwandikia bure. Mwalimu kashampa nusu ya kazi.

Kijana_wa_Juja:
Niliandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyotuambia. Kwetu Kitui mtu akitaja Mombasa, babu husema hajui bahari ina rangi gani. Mtoni alikaa juu ya jiwe akaoga kwa kata, maji hayamfiki kifundo cha mguu. Hayo ya meli alimwambia baba mara moja, siku za mwisho. Baba akaniambia baada ya mazishi.

Nanga:
Rahisi kusema. Manusura walikuwa mia mbili na kidogo tu.

Kijana_wa_Juja:
Mia mbili na kidogo ni watu.

Mama_Tatu:
Mimi la jiwe nimeliamini. Mtoe babu yako humo, mwanangu. Huyo wa Ohio mtungie wa kwake.

Kijana_wa_Juja:
Nimeshatuma, mama. Zilibaki dakika tatu.

Mwl_Mstaafu:
Na ulishika upande gani?

Kijana_wa_Juja:
Kwamba ilikuwa haki. Mteja alitaka hivyo tangu mwanzo.

Nanga:
Sasa ulikuwa unatuuliza nini?

Kijana_wa_Juja:
Imerudi. Mteja anasema imekaa vizuri, ila sehemu ya meli haiaminiki, hakuna nahodha angefanya vile. Anataka niitoe niweke kitu cha kawaida, Okinawa au popote. Marekebisho hayalipwi.