Kwa nini ni "take a photo" na sio "make a photo"? Naombeni msaada kwenye hivi vitenzi

Mtafuta Maana
Habarini wakuu, naombeni msaada maana hili limenisumbua muda mrefu sana. Kiingereza nakisoma na nakielewa, nikikuta ripoti au habari sina shida, ila nikianza kuandika mwenyewe naharibu kwenye hivi vitenzi vidogo vidogo na hasa "take". Wiki iliyopita nimemwandikia bosi barua pepe ndefu, imerudi na marekebisho manne na yote ya aina moja. Niliandika "I did a mistake" akaweka "made", niliandika "we made photos" akaweka "took", niliandika "I was drinking medicine" akaweka "taking", na "we will do a break" nayo akaweka "take". Kamusi inasema "take" ni chukua, sasa picha unaichukua wapi? Na mapumziko unayachukuaje? Kuna kanuni hapa au watu wanakariri tu? Kukariri nimejaribu na nasahau, nataka nielewe.

Fundi Maneno
Mkuu, anzia kwenye Kiswahili chako kwanza. Picha tunaipiga kwa nini? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga hodi, mpaka chafya tunapiga, na hakuna aliyekukalisha chini akakupa kanuni ya piga. Mgeni anayejifunza Kiswahili akifungua kamusi akaona piga ni kugonga au kuchapa anabaki na swali lile lile ulilonalo wewe. Afu angalia kula: mtu anakula kiapo, anakula njama, anakula hasara, na hamna anachotafuna. Hicho kiapo kwa Kiingereza ndo "take an oath", sisi tunakila wao wanakichukua.

Kwenye vifungu vya namna hii maana karibu yote imekaa kwenye nomino, kitenzi kazi yake ni kuonyesha nani katenda na lini. Otto Jespersen, yule mwanaisimu wa Denmark aliyeandika sana kuhusu sarufi ya Kiingereza, alisema hivi ni vitenzi vyepesi, na jina limebaki mpaka leo. Kwa hiyo kosa sio lako la kutojua "take", kosa ni kuanza kutafuta kwenye "take". Ukifungua kamusi nenda kwenye nomino. Tafuta "mistake" usome mifano yake utaona inatembea na "make", tafuta "break" utaiona na "take" au "have". Na ukiandika kwenye daftari usiandike "mistake = kosa", andika kifungu kizima "make a mistake = kukosea". Mimi hii ndo ilinisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Mwalimu wa Jioni
Nakubaliana na Fundi Maneno ila sio kweli kwamba hamna mpangilio kabisa, mwelekeo upo na ukiujua unapunguza makosa mengi.

"Make" inapenda kitu ambacho hakikuwepo, we ndo umekileta duniani. Kosa halikuwepo, umelifanya likawepo: "make a mistake". Kelele, ahadi, mpango, yote hivo hivo: "make a noise", "make a promise", "make a plan". "Take" inapenda kitu ambacho kipo tayari au kimetoka kwa mwingine, wewe unakipokea au unakibeba: "take advice", "take the blame", "take responsibility", "take medicine". Ushauri ametoa mwenzio, wewe umeupokea, ndo maana "make advice" haipo. Mfano unaonyesha vizuri zaidi ni mtihani. Mwanafunzi "takes an exam", mwalimu aliyeutunga ndo "makes an exam", kwa hiyo ukimwambia mtu "yesterday I made an exam" ataelewa umetunga maswali.

"Do" ni ya kazi na shughuli, mambo ambayo ukimaliza si lazima uwe na kitu kipya mkononi: "do homework", "do the dishes", "do the laundry", "do research". Hapa kuna mtego mmoja, kutandika kitanda ni "make the bed" na sio "do". Na seremala anayetengeneza kitanda naye "makes a bed", tofauti anaibeba "the" na "a" pamoja na mazingira ya mazungumzo.

Kingine, angalia nomino ambazo zenyewe ni vitenzi pia: "look", "walk", "rest", "break", "nap". Hizi mara nyingi zinaenda na "take a" au "have a". Lakini nomino iliyotokana na kitenzi kwa kuongezewa mkia kama -ion au -ment, mara nyingi ni "make": "make a decision", "make a suggestion", "make an announcement", "make a payment". Sio sheria ya asilimia mia, "take action" inaivunja hapo hapo, ila ukiwa umekwama na hujui uchague nini inakusogeza.

Mpita Njia
Nyongeza kidogo. Mmarekani kwa kawaida atasema "take a shower", Mwingereza "have a shower", wote wako sawa kwa hiyo usihangaike hapo. Na Uingereza utasikia "take a decision" japo "make" ndo inasikika zaidi. Cha kushangaza "take" yenyewe sio neno la asili la Kiingereza, ililetwa na Waskandinavia, Kiingereza cha kale kuchukua ilikuwa "niman" na ikafa.

Mtafuta Maana
Wakuu asanteni sana, hiyo ya piga imenifungua macho, miaka yote nakitumia Kiswahili na sijawahi kujiuliza. Sasa nimejaribu sentensi hizi: "We took place the meeting on Monday and everybody took a part." Iko sawa?

Mwalimu wa Jioni
Bado kidogo. "Take place" ni kufanyika au kutokea, kwa hiyo anayekaa mbele ni mkutano wenyewe na sio watu: "The meeting took place on Monday." Watu wakitaka kukaa mbele tumia "held": "We held the meeting on Monday." Na kushiriki ni "take part" bila "a", ukiweka "a" msomaji anaweza kudhani umechukua kipande cha kitu. Zipo chache za hivi zisizotaka "a": "take part", "take place", "take care", "take notice". Hizi ziandike daftarini kama neno moja, usizikatekate.

Mtafuta Maana
"The meeting took place on Monday and everybody took part." Hii naituma sasa hivi.