Waprotestanti waliachana na Roma juu ya imani, pesa ama bibi wa mfalme?

pacho_wa_umoja
Wakuu salamu. Niko na swali na tafadhali sitaki vita ya madhehebu hapa. Mimi ni ACK (Mwanglikana) toka utotoni, mchumba wangu ni Mkatoliki, na kila tukienda kwao mjomba wake lazima anichokoze ati kanisa letu liliundwa na mfalme aliyetaka ruhusa ya kuacha bibi. Nikimletea Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha Uprotestanti, ananiambia huyo alikuwa mtawa aliyechoka na useja akaamua kuoa sista (hiyo ya kuoa sista nimecheki ni kweli). Sasa mwenye anajua historia anieleze, shida haswa ilikuwa nini, na mbona ilipuke wakati ule na si mapema, kwani watu hawakuwa wanalalamika toka zamani? Na iliishia wapi? Msinitumie video ya masaa matatu, nielezeni tu na maneno yenu.

mstaafu_wa_chaki
Kijana, mjomba ana nusu ya ukweli kwa Henry, huyo mfalme wa Uingereza, kwa Luther hana kitu. Luther alimuoa Katharina von Bora 1525, miaka minane baada ya kuanzisha hiyo vurugu na wakati huo alishatengwa na Kanisa kitambo, kwa hivyo huwezi sema alianza juu ya bibi.

Wacha nianze na pesa maana hapo ndipo moto ulishikia. Kulikuwa na jamaa wa ukoo mkubwa Ujerumani anaitwa Albrecht wa Brandenburg, hata miaka 25 hajafikisha na tayari ni askofu mkuu wa Magdeburg, na bado anataka Mainz iwe yake pia. Sheria za Kanisa zilikataza mtu mmoja kukalia viti viwili hivyo, na umri wenyewe haukutosha, lakini Roma ikampa kibali kwa malipo, na hayo malipo akayakopa kwa Jakob Fugger, tajiri wa benki kule Augsburg. Ili deni lilipike Papa Leo wa 10 akaruhusu rehema (vyeti vya kuondolewa adhabu ya dhambi, watu wakitoa pesa) zihubiriwe kwenye maeneo ya Albrecht, nusu ya makusanyo iende kwa Fugger na nusu ijenge Basilika ya Mtakatifu Petro. Mwananchi wa kawaida alitangaziwa harambee ya Basilika, ile ya mkopo hakuambiwa. Mhubiri mkuu alikuwa mtawa wa shirika la Dominiko anaitwa Johann Tetzel, na mawakala wa Fugger walikuwa wanatembea na msafara wakichunga sanduku.

Tetzel hakuruhusiwa kuingia Saxony, na usidhani ni utakatifu, mtawala wa huko Frederick alikuwa na mkusanyiko wake wa masalia ya watakatifu, maelfu kwa maelfu, yenye pia yalivutia watu na sadaka, hakutaka mshindani. Watu wa Wittenberg, mji wa huko Saxony, wakawa wanavuka mpaka kwenda Jüterbog na kurudi na karatasi zao. Luther alikuwa anafundisha Biblia hapo Wittenberg na anaungamisha hao hao watu, akaona wengine wanadhani toba imeshalipiwa. Tarehe 31 Oktoba 1517 akamwandikia Albrecht barua akaambatisha zile hoja zake 95 za kupinga hiyo biashara ya rehema. Kama alizipigilia mlangoni na nyundo, wanahistoria bado wanabishana, lakini barua ipo.

Na imani usiitoe. Huyu mtu alikuwa ameteseka miaka na swali la vile mwenye dhambi anasimama mbele za Mungu, mpaka akaishikilia Warumi 1:17 kwamba mwenye haki ataishi kwa imani. Pesa za Tetzel zilimkasirisha juu tayari alikuwa na hilo swali.

Sasa mbona wakati ule. Jan Hus wa Bohemia alisema mengi yanayofanana miaka mia moja kabla, akaitwa Konstanz na barua ya usalama kutoka kwa mfalme Sigismund, na bado wakamchoma 1415. Luther naye aliitwa Worms 1521 mbele ya Kaisari Karl wa 5 na barua kama hiyo, akakataa kufuta maandishi yake, ila wakati wa kurudi watu wa Frederick wakamteka njiani kwa mpango wakamficha ngome ya Wartburg, na huko ndani akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likachapishwa Septemba 1522. Hus hakuwa na mlinzi kama Frederick, na hakuwa na mashine ya kuchapa. Hoja za Luther zilikuwa Kilatini, za wasomi kujadiliana, lakini wachapishaji wakaona biashara na kwa miezi michache zikasambaa Ujerumani. Karl naye alikuwa na vita na Mfaransa upande mmoja na Waturuki upande mwingine, 1529 sultani wao Suleiman alifika mpaka Vienna, na kila akitaka jeshi lazima awabembeleze hao hao watawala wa Kijerumani wenye walikuwa wanamlinda Luther.

katekista_wa_mtaa
Mwalimu umeeleza vizuri lakini wacha niweke moja sawa. Rehema si msamaha wa dhambi, ni kuondolewa adhabu ya muda kwa dhambi yenye umeshaungama. Shida ilikuwa vile ilihubiriwa na vile ilifanywa mradi, na Kanisa lenyewe lilikuja likakubali, Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu, 1545 hadi 1563) ukaondoa hao wakusanyaji na Papa Pius wa 5 mwaka 1567 akafuta rehema zote zenye zilitolewa kwa malipo. Seminari za kufunza mapadre pia zimetoka hapo Trento. Ningependa yafanyike 1517, hata mimi.

Lakini Waprotestanti nao waulizwe, kila mtu akijisomea nani anaamua? 1529 Luther na Zwingli, kiongozi wa Waprotestanti wa Zurich, walikutanishwa Marburg, wakakubaliana hoja 14 kati ya 15, iliyobaki ni Ekaristi, yaani kama mwili wa Kristo uko kweli kwa ule mkate wa Meza ya Bwana. Luther alikuwa amechukua chaki akaandika mezani kwa Kilatini "huu ni mwili wangu" na hakutoka hapo. Basi wakaachana hivyo hivyo.

Shiru_K
Mnaongea wafalme na maaskofu tu jameni, na wakulima? 1525 walisoma hayo maneno ya uhuru wa Mkristo wakaandika madai 12 kule Memmingen, wanataka kuchagua mchungaji wao wenyewe na utumwa wa mashamba uishe, na kila dai wamelitolea aya ya Biblia. Luther mwanzo alilaumu mabwana pia, baadaye akaandika wakulima wachinjwe kama mbwa wenye kichaa. Waliouawa wanakadiriwa kufika 100,000. Mimi ni mlutheri na hiyo hakuna siku nimeisikia kwa mahubiri.

Na amani ya Augsburg ya 1555 haikuwa uhuru wa kuabudu, ilisema dini ya mtawala ndiyo ya eneo lake, hutaki hama, na wafuasi wa Calvin, Mprotestanti mwingine wa Geneva, hawakuhesabiwa kabisa. Ndio ukafika ule moto wa Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, wenye kuna sehemu za Ujerumani zilipoteza zaidi ya nusu ya watu.

pacho_wa_umoja
Aiseeh. Asanteni sana. Na Henry je? Ndio mjomba ananingojea.

mstaafu_wa_chaki
Henry wa Nane alianza akiwa adui wa Luther, 1521 Papa alimpa cheo cha Mtetezi wa Imani kwa kitabu cha kumpinga. Alitaka ndoa na Catherine wa Aragon ibatilishwe juu hakupata mrithi wa kiume, lakini Catherine alikuwa shangazi ya Karl wa 5, na askari wa Karl walikuwa wameivamia Roma 1527 na kumshika Papa Clement, sasa angejibu nini? 1534 Henry akajitangaza mkuu wa Kanisa la Uingereza, akafunga nyumba za watawa na ardhi yao akachukua. Mafundisho karibu yote aliacha ya Kikatoliki, useja wa mapadre ukiwemo. Uprotestanti wenyewe ulikuja kwa mtoto wake Edward, na binti yake Elizabeth akauthibitisha 1559. Mwambie mjomba mfalme alivunja mlango, wengine ndio walihamia.

katekista_wa_mtaa
Na akikuuliza hayo yalifika Kenya vipi mwambie Thogoto, hapo Kikuyu, 1913. Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walijaribu kuungana huko, wakashiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti, na askofu Mwanglikana wa Zanzibar, Frank Weston, akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Kesi ikaenda mpaka kwa Askofu Mkuu wa Canterbury.

Shiru_K
Waanglikana wakishtakiana uzushi hapo tu Kikuyu 😂 Pacho hiyo usimwambie mjomba.