MJADALA: Wakili aliyewahi kuwa polisi anagombea uhakimu. Ungempa kura?

Mleta mada (Louisville, Kentucky)

Wakuu, habari za muda. Nina jambo ambalo nyumbani halipo, ila sisi tuliochukua uraia huku linatukuta kwenye karatasi ya kura. Kentucky mahakimu wa wilaya hawateuliwi, wanapigiwa kura kila baada ya miaka 4. Walichaguliwa 2022, zamu inayofuata ni Novemba 2026. Karatasi haionyeshi chama, ni jina tu. Na masharti si makali: uwe raia, uwe umeishi hapo miaka 2, uwe na leseni ya uwakili kwa miaka 2. Kwa hiyo si ajabu kukutana na mgombea aliyetumikia polisi miaka mingi, akasoma sheria baadaye, akafungua ofisi, na sasa anataka kukalia kiti ambacho zamani alisimama mbele yake kutoa ushahidi.

Kabla hamjajibu, jueni kazi yenyewe. Huyu ndiye anayepigiwa simu usiku na askari anayetaka hati ya kupekua nyumba. Ndiye anayepanga dhamana. Ndiye anayesikiliza kesi za barabarani, makosa madogo, madai madogo, na kufukuzwa kwa wapangaji. Hata kesi kubwa ya jinai huanzia mezani kwake. Mahakama ya Juu iliyoko Washington wengi wetu tutaiona kwenye televisheni. Hii ya wilaya tutaiona kwa sababu ya taa ya breki mbovu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mtu kuwa polisi zamani hakunisumbui. Kinachonisumbua ni pale anapoufanya upolisi kuwa mtaji wa kampeni: picha na gwanda, "nimesimama na askari wetu", na barua ya chama cha askari ikimuunga mkono. Mgombea wa namna hiyo kashaniambia atamwamini nani kabla kesi haijaitwa.


Mchangiaji (Nairobi)

Wacha nicheke kwanza. Kwani hakimu mnamchagua kama MCA, mjumbe wa bunge la kaunti? Huku kwetu mtu anapita mbele ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Tangu Katiba ya 2010, anayetaka kuwa Jaji Mkuu anahojiwa hadharani, nchi nzima ikitazama, na maswali mengine ni ya kukufanya utoke jasho. Hakuna kugawa fulana. Shida yenu si huyo polisi, shida yenu ni kura.


Mleta mada

Boss, hapo una hoja, lakini usidhani walianza kwa ujinga. Mississippi ndiyo iliyotangulia kuwapigia kura majaji wake wote, 1832, na majimbo mengine yakafuata kwa sababu uteuzi ulikuwa umegeuka zawadi ya wanasiasa kwa marafiki zao. Majaji wa shirikisho wao bado wanateuliwa na rais, wanathibitishwa na Seneti, na hawana ukomo wa miaka. Sasa niambie kama huko hakuna siasa. Mimi siwezi kubadili mfumo kabla ya Novemba. Nina karatasi na kalamu tu.


Mchangiaji (Dodoma)

Mkuu, naona unamwonea mgombea. Hapa Tanzania tulikuwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, 2007 hadi 2010. Yule alikuwa Brigedia Jenerali wa JWTZ. Kabla ya hapo alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, na baadaye akawa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha. Nani alisema hukumu zake zilinuka kambi? Mtu akivaa joho anavua gwanda. Tukianza kuwakataa watu kwa kazi waliyofanya zamani, tuwakatae na waliokuwa waendesha mashtaka, tuwakatae na waliokuwa mawakili wa utetezi. Atabaki nani, malaika?


Mchangiaji (Louisville, mzaliwa wa Uvira)

Kaka wa Dodoma, jeshi si polisi. Mwanajeshi haleti raia mahakamani kila Jumatatu. Polisi ndiye mteja mkubwa wa ile mahakama, na kwenye kesi ya barabarani mara nyingi hakuna ushahidi mwingine zaidi ya maneno yake na maneno yako. Mimi Kiingereza changu kina lafudhi, yeye ana beji. Hapo hakimu anapima nini?

Lakini msije mkadhani namkataa huyo mgombea. Mimi naelekea kumpa, na sababu yangu iko hapahapa mjini. Breonna Taylor, binti wa miaka 26, aliuawa na polisi ndani ya nyumba yake Machi 13, 2020, usiku wa manane. Waliingia wakiwa na hati. Hati ilisainiwa na hakimu halali kabisa. Kwenye kiapo cha kuombea hiyo hati iliandikwa kwamba mkaguzi wa posta amethibitisha kuwa vifurushi vya mtuhumiwa wa dawa za kulevya vinapelekwa nyumbani kwa Breonna. Haikuwa kweli. Mpelelezi mmoja alikiri kosa mbele ya mahakama ya shirikisho Agosti 2022 kuhusu kiapo hichohicho. Jiji lilishalipa familia dola milioni 12. Na yule jaji aliyesaini, wapiga kura walimwondoa Novemba 2022.

Sasa jiulizeni. Hakimu ambaye hajawahi kuandika kiapo cha namna hiyo anakisoma kama barua rasmi, kila sentensi imenyooka, anasaini. Aliyewahi kuwa mpelelezi anajua sentensi ipi imenakiliwa kutoka kwenye hati ya wiki iliyopita. Anauliza: mkaguzi yupi wa posta, jina lake, uliongea naye lini? Swali moja tu. Mwizi wa jana ndiye anayejua dirisha bovu, msinielewe vibaya, siwaiti polisi wezi.


Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Dada, hoja yako ni nzuri kuliko zote hapo juu, ila ina shimo. Nafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili, kwa hiyo viapo hivi vinapita mezani kwangu. Kujua uongo unavyoandikwa na kuwa tayari kumwambia mwenzako wa zamani "hapana" saa nane za usiku ni mambo mawili. New York mwaka 1994 tume iliyochunguza rushwa ya polisi, Tume ya Mollen, ilikuta askari wakidanganya katika ripoti na viapo mpaka wenyewe wamelipa jina la utani tabia hiyo. Wote walioizunguka walijua. Kujua hakukuwa dawa.

Sheria yenyewe imelitazama hili miaka mingi. Mwaka 1948, katika kesi ya Johnson, Mahakama ya Juu ilisema uamuzi wa kuingia nyumba ya mtu uwe mikononi mwa hakimu asiye upande wowote, si mikononi mwa askari aliyemo kwenye mbio za kukamata wahalifu. Mwaka 1971 ikafuta hati ya New Hampshire kwa sababu aliyeisaini ndiye aliyekuwa anaongoza upelelezi. Na 1979 kuna ile ambayo kila nikiisoma nacheka: hakimu wa mji mdogo New York alisaini hati isiyokamilika, kisha akafuatana na polisi mpaka dukani, akakaa nao masaa akichagua vitu vya kukamata. Mahakama ikasema huyu amejigeuza mpelelezi. Hakuwa polisi kwa ajira, jamani. Alikuwa polisi kwa moyo. Kwa hiyo hata mimi siangalii gwanda, naangalia moyo uko wapi, na huo hauandikwi kwenye karatasi ya kura.


Mchangiaji (Dodoma)

Sasa karani wewe umenisaidia mimi. Kama asiye polisi naye anaweza kuwa polisi kwa moyo, basi historia ya ajira si kipimo.


Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Si kipimo pekee, mkuu. Ila 2016 Mahakama hiyohiyo ilisema Jaji Mkuu wa Pennsylvania hakupaswa kusikiliza rufaa ya mtu ambaye yeye mwenyewe, alipokuwa mkuu wa mashtaka Philadelphia, aliidhinisha aombewe adhabu ya kifo. Ilikuwa imepita karibu miaka 30. Kwa hiyo ajira ya zamani ina uzito pale inapogusa kesi iliyo mezani. Na kama unataka kuona mahakama na polisi vikikaa nyumba moja vinazaa nini, soma ripoti ya Wizara ya Sheria kuhusu Ferguson, Missouri, Machi 2015. Mahakama ya mji ilikuwa chini ya usimamizi wa mkuu wa polisi, ndani ya jengo la polisi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuingizia jiji mapato ya faini.


Mchangiaji (Nairobi)

Hiyo ya Ferguson ilikuwa mahakama ama kituo cha kanjo, askari wa kaunti?


Mleta mada

Hahaha. Boss, hukuhuku Kentucky, mji wa makaa ya mawe unaoitwa Lynch, kulikuwa na mahakama yenye jina hilo waziwazi, Mahakama ya Polisi, na hakimu wake alikuwa mchimba makaa asiyesomea sheria. Kesi ilifika Mahakama ya Juu 1976, ikaonekana si kosa mradi mshtakiwa anaweza kusikilizwa upya na hakimu mwanasheria. Tumetoka mbali.

Dada wa Uvira amenitikisa kidogo, nakubali hoja yake ya mkaguzi wa posta. Ila mgombea anayeujua ule mchezo wa viapo na akataka kuusahihisha angeusema. Angesimama kwenye kampeni akasema: nilikuwa ndani, nimeona hati zinavyoombwa, kwangu haitapita hivyo. Wangapi mmewasikia wakisema? Wanachosema ni usalama, usalama. Na kura ina namna yake ya kumsukuma mtu: utafiti wa 2004 kuhusu majaji wa Pennsylvania ulionyesha vifungo vinakuwa virefu kadiri uchaguzi wao unavyokaribia. Na si lazima hao walikuwa polisi. Mpe mtu huyohuyo beji kwenye bango, halafu mwombe amwachie mshtakiwa wiki mbili kabla ya uchaguzi.

Jambo jingine linalosahaulika. Katika mahakama za majimbo, takriban asilimia 94 ya wanaotiwa hatiani wamekiri wenyewe, hakuna kesi iliyosikilizwa. Maana yake ule uadilifu wa kusikiliza pande zote mbili tunaousifia hautumiki sana. Saini ya usiku na kiwango cha dhamana ndivyo vinavyoamua. Kijana akikaa mahabusu wiki tatu anakiri chochote ili arudi kazini. Hapo ndipo nataka kumjua huyu mtu.

Na tunaruhusiwa kumuuliza. Tangu 2002, kesi ya Minnesota, mgombea wa ujaji hawezi kujificha nyuma ya kanuni inayomkataza kutaja maoni yake. Kinachobaki ni asiahidi hukumu. Mimi nitamuuliza haya matatu akija kanisani kwetu kuomba kura: Kesi ikiletwa na askari wa kikosi chako cha zamani utajitoa, au utaisikiliza? Ulipokuwa kazini, jina lako liliwahi kuwekwa na waendesha mashtaka kwenye orodha ya askari ambao ushahidi wao una walakini? Na tangu upate leseni, umewahi kumtetea mshtakiwa hata mmoja mpaka mwisho? Akijibu vizuri, nampa, na gwanda lake nalisahau.


Mchangiaji (Louisville, mzaliwa wa Uvira)

La kwanza hilo ni gumu kuliko unavyodhani. Hapa kaunti ya Jefferson, yenye Louisville yetu, mahakimu ni wengi, akijitoa faili linahamia chumba cha pili. Shemeji yangu anaishi kaunti ya mashambani ambako kila askari anajulikana kwa jina na mahakimu unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Huko aliyekuwa polisi akijitoa kila kesi ya kikosi chake, atabaki na kesi za nani?


Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Za wapangaji. Na huko ndiko nakushauri umuulize swali la nne, kama ana nyumba anazopangisha.